Raba moja kwa baiskeli na skeitibodi: mwongozo kamili wa kuchagua

Mtu anayeendesha baiskeli na kupanda skeitibodi siku hiyo hiyo anakidai kiatu kimoja mambo mawili yanayoonekana kugombana. Pedali inataka soli isiyolegea, ili nguvu ya mguu ifike kwenye mnyororo badala ya kuishia katika kukunja kiatu. Ubao unataka soli inayokunjika, nyembamba kiasi cha mguu kuhisi ukingo wake. Wengi wakisikia hivyo hununua jozi mbili, au huchukua raba yoyote inayopendeza na kuiacha miguu ilipe gharama. Hakuna haja. Ukichunguza vizuri utagundua kwamba mgogoro huo unahusu mahali kiatu kinapokunjika kuliko ugumu wenyewe. Raba inayofaa kotekote hukunjika chini ya vidole, pale mguu wenyewe unapokunjika, na hukataa kukunjika katikati. Shika hilo moja, na hatua zote zinazofuata zitakuwa rahisi.

Wala hili si jambo la kubuni. Waendeshaji wa BMX, zile baiskeli ndogo za mitindo, wanaoruka kwenye matuta na viwanja vya zege wamevaa raba za skeitibodi kwa miongo kadhaa, kwa sababu michezo hiyo miwili inatumia miguu kwa namna zinazokaribiana. Yote miwili, BMX ya mitindo huru na skeitibodi, iliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza katika michezo ya Tokyo 2020, iliyofanyika mwaka 2021.

Hatua ya 1: Zisome raba zako za zamani

Kabla hujafikiria duka, chukua jozi uliyoichakaza, uipindue juu ya meza penye mwanga wa kutosha.

Anza na sehemu pana ya soli, nyuma tu ya vidole. Ukiona vishimo vidogo vya duara vimekusanyika hapo, hizo ni alama za pini za pedali, na ziko mahali pake. Zikiwa zimerudi nyuma hadi katikati ya soli, maana yake mguu wako hukaa mbele mno kwenye pedali. Mara nyingi sababu ni soli laini: mguu umejitafutia egemeo chini ya upinde wa unyayo kwa kuwa kiatu hakikuupa.

Kisha tazama ubavu wa nje, karibu na kidole cha mwisho. Anayeruka oli, ule mruko wa msingi ambapo mkia wa ubao unapigwa chini kwa mguu wa nyuma na mguu wa mbele unaburuzwa juu ya msasa uliobandikwa kwenye ubao, atakuta kiatu cha mguu wa mbele kimelika hapo: kwanza vinyweleo vya ngozi vimeisha, kisha uzi wa mshono umekatika, kisha soksi inachungulia. Kiatu cha pili, cha mguu unaosukumia ardhini, huwa kizima juu ila chini kimekwisha. Michoro ya soli imefutika mbele, na kama unafunga breki kwa kuburuza mguu, kisigino nacho kimelika upande mmoja.

Mwisho geuza upande wa ndani, usawa wa kifundo. Mng'ao au mkwaruzo wa mviringo hapo umeachwa na krenki, ule mkono unaoshika pedali, ukisugua kiatu kila mzunguko.

Sasa unajua pesa yako iende wapi. Kama kilichokufa kwanza ni ubavu, tatizo lako ni ngozi na mishono. Kama ni michoro ya soli, ni mpira. Kama raba imejikunja katikati na imebaki hivyo hata ukiivua, ni soli ya kati, lile tabaka lililo juu ya mpira wa chini. Mtu asiyejua raba yake ya mwisho ilikufa kwa ugonjwa gani atanunua nyingine yenye ugonjwa ule ule.

Hapo hapo amua kazi ipi ni kubwa zaidi. Anayetembea na ubao kutoka hapa hadi pale bila kuruka, huku akipiga kilomita nyingi kwa baiskeli, ahesabiwe kuwa mwendesha baiskeli. Anayefanya mitindo kila siku na kutumia baiskeli kufika uwanjani tu ni mtu wa ubao. Hakuna raba iliyo nusu kwa nusu kamili, kwa hiyo ujue unaelemea wapi kabla muuzaji hajakuamulia.

Hatua ya 2: Chunguza pedali zako

Wanunuzi wengi huruka hatua hii, na ndiyo maana raba nzuri huonekana mbaya. Kama baiskeli yako ina pedali za kufunga kiatu kwa kibati cha chuma, mfumo ambao Shimano iliuleta mwaka 1990 kwa jina la SPD, weka wazo la raba moja pembeni. Kibati hicho chini ya soli huteleza kwenye zege, hukwaruza ubao, na hukunyima kabisa hisia ya kilicho chini ya mguu. Badilisha pedali uweke bapa, au kubali jozi mbili.

Kwa pedali bapa, mambo mawili yanahusika: upana na meno. Pedali pana, inayobeba sehemu yote ya mbele ya unyayo, hufanya nusu ya kazi ya soli ngumu. Juu ya pedali ya aina hiyo unaweza kuvaa raba laini ya ubao na usichoke upesi. Pedali ndogo, nyembamba, huibana nguvu yote kwenye eneo dogo, na hapo soli laini hukunjika kuizunguka hadi unasikia chuma chini ya mguu. Kwa hiyo kama raba unayoipenda ni laini kidogo kuliko inavyotakiwa, wakati mwingine dawa ni kubadilisha pedali na kuiacha raba.

Meno nayo ni ya aina mbili. Pedali za plastiki huwa na vinundu vilivyomwagwa pamoja na pedali yenyewe. Hazishiki sana, lakini haziumizi soli wala muundi. Za chuma huwa na pini za skrubu zinazouma mpira kwelikweli. Pini ndefu na mpira laini ni ndoa tamu ya muda mfupi: mguu hauchomoki, ila soli inatafunwa vipandevipande. Kama pedali zako zina pini zinazofunguliwa, zipunguze urefu au toa zile za katikati uache za pembeni. Bado utashikwa vizuri, na soli itadumu.

Hatua ya 3: Ielewe soli, maana ndiyo inayoamua

Raba za aina hii hutengenezwa kwa njia mbili kuu.

Ya kwanza ni soli ya kuokwa. Sehemu ya juu ya kiatu huvikwa kwenye kalibu, mpira wa chini hubandikwa, kisha utepe wa mpira huzungushwa pembeni kufunika maungio, na kiatu kizima huingizwa kwenye tanuri. Joto na salfa ndivyo vinavyoufanya mpira uwe imara, siri ambayo Charles Goodyear aliifikia mwaka 1839. Matokeo yake ni kiatu chembamba, chepesi kukunja, kinachokupa hisia ya ubao tangu siku ya kwanza. Ndiyo njia iliyotumiwa na Vans, kampuni iliyoanzishwa Anaheim, California, mwaka 1966. Vijana wa skeitibodi wa huko walizipenda raba hizo kwa mpira wake mnene unaoshika, na mwaka 1976 ikatoka raba ya Era, iliyobuniwa kwa ushauri wa waskeitibodi Tony Alva na Stacy Peralta. Udhaifu wa soli ya kuokwa uko kwenye baiskeli: hukunjika popote inapobanwa, hata katikati, na kisigino hakina kinga kubwa unapotua kutoka juu.

Ya pili ni soli ya kikombe. Hapa mpira hufinyangwa kwanza ukawa na kingo zilizosimama, kiatu huingizwa ndani yake, kisha hubandikwa na kushonwa kuzunguka. Utaitambua kwa mshono unaokimbia pembeni mwa soli, juu kidogo ya ardhi. Ndani ya kikombe hicho kuna nafasi ya soli ya kati yenye povu. Kiatu huwa kigumu zaidi, kizito kidogo, na kinahitaji siku kadhaa kabla hakijazoea mguu. Kwenye pedali hutulia vizuri. Kwenye ubao, wiki ya kwanza utahisi kama kuna kitu kati yako na msasa, kisha sehemu ya mbele hulainika na kile kigumu cha katikati hubaki. Na hicho ndicho tunachokitafuta.

Kwa maoni yangu, mtu anayegawa muda wake karibu sawasawa anunue soli ya kikombe iliyo nyembamba mbele. Anayeelemea ubao achukue ya kuokwa na aioanishe na pedali pana. Kuna pia raba za baiskeli za pedali bapa, kama zile za Five Ten, kampuni iliyoanza mwaka 1985 kwa viatu vya kupanda miamba na mpira wake unaonata, na ambayo adidas iliinunua mwaka 2011. Kwa macho zinafanana na raba za skeitibodi, na kwenye pini za pedali hakuna kinachozishinda. Kwenye ubao ubora huo hugeuka kero. Msasa peke yake unashika vya kutosha. Ukiongeza mpira unaonata, mguu hausogei unapotaka kuusogeza, na mitindo inayohitaji mguu kuchomoka haraka huwa mizito. Kwa safari tu juu ya ubao hazina shida. Kwa mitindo, hapana.

Sasa tazama michoro ya chini. Unataka michoro mifupi, iliyotawanyika sawasawa, iwe ya miraba, ya pembe sita au ya mistari ya kuvunjikavunjika. Meno marefu ya viatu vya kupandia milima ni mabaya kotekote: kwenye ubao ni ncha chache tu zinazogusa msasa, na kwenye pedali pini hudumbukia kati ya meno na kukukatalia kurekebisha mguu. Soli iliyo laini kabisa bila mchoro nayo huteleza kwenye pedali ya plastiki ikipata maji.

Na viatu vya kukimbilia je? Watu huuliza sana kwa sababu tayari wanavyo. Visigino vyake huwa vimeinuliwa, mara nyingi milimita 8 hadi 12 kuliko mbele, soli imeminywa katikati, na povu lake ni laini. Kwenye pedali povu linameza nguvu. Kwenye ubao kiatu kinapinduka upande, na kifundo kinakwenda nacho. Hilo la pili ni hatari ya kweli, na sitamshauri mtu yeyote ajaribu.

Hatua ya 4: Sehemu ya juu

Msasa wa ubao ni msasa kweli, wenye chembe ngumu za aina zile zile zinazotumika kusugulia mbao na chuma, na hauna huruma na turubai. Raba ya turubai ni nyepesi na inapitisha hewa, jambo zuri kwa baiskeli, lakini mrukaji wa oli huitoboa upesi. Vitambaa vya kufumwa kama soksi ni vibaya zaidi. Ngozi nyororo inadumu, ila huteleza kidogo kwenye msasa. Inayoshinda zote kwa matumizi haya ni swedi, ile ngozi yenye vinyweleo vifupi: inashika, inavumilia kusuguliwa, na inachakaa polepole kwa namna unayoweza kuiona ikija.

Si lazima kiatu chote kiwe swedi. Raba iliyo na swedi mbele na kwenye ubavu wa nje, na turubai pembeni kuelekea kisigino, inakupa uimara panapohitajika na hewa panapobaki. Baadhi ya raba za skeitibodi huwekewa tabaka la mpira chini ya swedi ya mbele, ili ngozi ikiisha usikutane na soksi moja kwa moja. Minya kwa vidole uone, utalihisi.

Halafu fuata mishono kwa jicho. Mshono unaopita pale pale kidole cha mwisho kinapokaa ndio utakaokatika kwanza, hata ngozi ikiwa nzuri kiasi gani. Bora sehemu ya mbele iwe kipande kimoja kisicho na mshono. Kama upo, uwe wa mistari miwili au mitatu. Vitundu vya kupitishia hewa vikiwa upande huo huo, jihadhari: mpasuko huanzia kwenye kitundu. Matundu ya kamba yaliyo chini kabisa, upande wa nje, nayo hukutana na msasa. Raba zilizofikiriwa vizuri huyaficha chini ya ngozi au huyasogeza juu.

Ulimi mnene hukinga mgongo wa mguu ubao unapokurukia, na ukiwa umeshikwa na mikanda ya mpira pande zote mbili hautahamahama unapopiga pedali. Kuhusu urefu wa shingo ya kiatu, sina msimamo mkali. Shingo ya kati hukinga mfupa wa kifundo dhidi ya krenki na ubao, lakini hufanya joto na hubana mguu unapoupinda sana. Kama jozi yako ya zamani ilikuwa na ule mng'ao wa krenki usawa wa kifundo, chukua ya kati. Kama haukuwepo, ya chini inatosha.

Hatua ya 5: Pima mguu, usipime kumbukumbu

Pima jioni, maana miguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda. Vaa soksi utakazozitumia. Simama juu ya karatasi, uzito wote ukiwa kwenye mguu unaopimwa, kisigino kikigusa ukuta, weka alama mbele ya kidole kirefu, kisha upime umbali kutoka ukutani kwa milimita. Fanya miguu yote miwili, uchukue ulio mrefu.

Milimita hizo ndizo za kuaminika. Namba moja ya Ulaya ni theluthi mbili za sentimita, yaani karibu milimita 6.7, namba moja nzima ya Uingereza ni theluthi ya inchi, karibu milimita 8.5, na nusu namba ni nusu ya hapo. Ndiyo maana ukigeuza kutoka mfumo mmoja hadi mwingine huwa kuna kilichobaki, na kila kampuni hukikata kwa namna yake. Kwenye lebo iliyo ndani ya ulimi wa raba, nyingi huandikwa pia sentimita. Linganisha hizo na karatasi yako.

Acha nafasi ya milimita 8 hadi 10 mbele ya kidole kirefu. Mwenye kuruka sana anaweza kushuka kidogo, kwa sababu nafasi kubwa mbele humaanisha ncha ya kiatu inagusa ubao kabla ya mguu. Asishuke hadi vidole vikunjike. Swedi hutanuka kwa upana baada ya kuvaliwa. Kwa urefu haitanuki, kwa hiyo muuzaji akikuambia kiatu kifupi kitaongezeka, kirudishe. Kisigino kisipande unapotembea. Kikipanda hata kidogo dukani, kwenye pedali kitapanda kila mzunguko na kukuchubua.

Hatua ya 6: Majaribio ya mkononi na ya mguuni

Haya yanachukua dakika chache na yana thamani kuliko tangazo lolote.

Shika kiatu kisigino kwa mkono mmoja na ncha kwa mwingine, sukuma kuelekea katikati. Tazama kinapokunjikia. Kikikunjika kwenye theluthi ya mbele, vizuri. Kikikunjika katikati, chini ya upinde wa unyayo, kiache hata kama rangi yake imekuteka. Kikikataa kukunjika kabisa, ni kiatu cha baiskeli tu.

Sasa kisokote kama unavyokamua nguo. Kisokoteke kidogo kisha kirudi. Kinachozunguka bila upinzani hakitaushika mguu ubao unapoegama upande.

Bonyeza soli ya ndani kwa dole gumba, kwanza kisigino kisha mbele. Kisigino kiwe na kinga. Mbele pawe pembamba, ila usiguse sakafu moja kwa moja. Bana kuta za kisigino; ziwe ngumu za kutosha kukataa kupondeka.

Kisha vaa viatu vyote viwili na utafute ngazi yenye kishikio. Simama kwenye ukingo wa kipandio kwa sehemu pana ya unyayo, visigino vikiwa hewani, usawa, visishuke. Hivyo ndivyo mguu unavyokaa kwenye pedali. Subiri dakika moja. Ukianza kusikia uchovu au mvuto chini ya upinde wa unyayo, soli ni laini mno kwa safari zako. Ukihisi ukingo wa kipandio waziwazi lakini mguu haulalamiki, umeipata raba yako. Nimewahi kuwaona watu wakibadili mawazo juu ya ngazi hiyo, baada ya kuwa wameshaifungua pochi.

Shuka, simama sakafuni kana kwamba uko juu ya ubao, magoti yakiwa yamekunjwa, uegemee mbele kwenye vidole kisha nyuma kwenye visigino. Mguu usitembee ndani ya kiatu. Ukiteleza kwenda upande, kiatu ni kipana au kamba hazijakazwa.

Anayenunua kwa intaneti afanye majaribio yote haya ndani ya nyumba, juu ya sakafu safi, na asiguse msasa wa ubao hadi awe ameamua. Mpando mmoja tu huacha alama zitakazofanya kiatu kisirudishike. Pia uliza kiatu kimekaa ghalani muda gani, hasa bei ikiwa imeshuka kupita kiasi. Soli za kati za poliurethani, aina ya plastiki ya povu, huharibika polepole kwa unyevu wa hewa hata bila kuvaliwa, na raba ya miaka mingi iliyo mpya kwa macho inaweza kumeguka katika safari ya kwanza.

Hatua ya 7: Soli ya ndani

Hapa pana uhuru mzuri. Soli nyingi za ndani huja za povu la EVA, jepesi na laini, ambalo hubonyea na kubaki limebonyea. Za poliurethani ni nzito kidogo lakini hurudi umbo lake kwa muda mrefu zaidi. Raba ambayo ni nzuri kwa kila kitu ila kisigino chake hakina kinga, unaweza kuiokoa kwa kubadilisha soli ya ndani. Toa ya zamani kwanza, usirundike mbili. Na usichague nene, kwa sababu kila milimita inayokuinua inakuondolea hisia ya ubao na kukilegeza kisigino kwenye kuta zake.

Hatua ya 8: Kamba na mnyororo

Kwenye baiskeli nyingi mnyororo uko kulia, na fundo la kamba ya kulia likifunguka huvutwa kati ya mnyororo na gurudumu la meno, mguu ukiwa bado umefungwa ndani ya kiatu. Funga fundo mara mbili, kisha uchomeke vitanzi na ncha chini ya kamba zilizopitana, au ndani ya ulimi. Kamba bapa hushika fundo vizuri kuliko za duara. Kwa mguu wa mbele wa ubao, unaweza kuruka tundu la chini kabisa la nje ili msasa usikute kamba. Beba kamba ya akiba, haina uzito.

Ukiendesha usiku, bandika utepe unaoakisi mwanga kwenye kisigino. Miguu inayopanda na kushuka huonekana na dereva mapema kuliko utepe uliotulia mgongoni, naye hutambua mara moja kwamba mbele yake kuna binadamu kwenye baiskeli.

Hatua ya 9: Siku za kwanza na utunzaji

Soli ya kikombe ivae kwa kutembea na kwa baiskeli siku kadhaa kabla ya kujaribu mtindo wowote. Pedali huanza kuilainisha mbele, mahali hasa unapotaka ilainike.

Swedi isafishwe kwa brashi kavu. Isitiwe kwenye mashine ya kufulia wala maji ya moto. Ikilowa, toa soli ya ndani, jaza karatasi, uiache ikauke kivulini penye hewa. Kuianika kwenye jua kali au karibu na moto huikausha ngozi ikawa kavu na ngumu, na hulegeza gundi ya soli. Usipande ubao na raba zilizolowa: mbao za ubao hunywa maji na kupoteza mnyumbuko wake.

Tundu la ubavuni lizuie kabla halijafunguka. Vinyweleo vya swedi vikiisha na ngozi ikaanza kung'aa, safisha hapo, kwaruza kidogo kwa msasa wa kawaida, upake gundi ya viatu, ile inayobaki na mnyumbuko ikikauka, tabaka jembamba. Iache saa 24. Paka tena juu ya mishono na vichwa vya kamba vilivyo karibu. Ukisubiri mpaka soksi ionekane, gundi itakosa cha kushika.

Hatua ya 10: Wakati wa kuistaafisha

Raba ya kazi mbili haifi mara moja, na hapo kuna faida. Iliyotoboka ubavuni lakini soli yake bado ina michoro haifai tena kwa mitindo, ila kwenye pedali inaweza kukutumikia muda mrefu, kwa sababu pedali haigusi ubavu. Iliyofutika michoro mbele huku juu ikiwa nzima, itumie kwa safari za ubao siku za ukavu, maana msasa bado utaishika. Iondoe kwenye pedali, hasa za plastiki, hasa siku za mvua.

Soli ikianza kuachana na kiatu mbele, mpelekee fundi viatu mapema aishone, asiishie kuibandika tu. Lakini ikishakunjika katikati, pale chini ya upinde wa unyayo, na ikabaki imekunjika, au kisigino kikalala upande mmoja ukiiweka mezani, hakuna gundi wala uzi utakaoirudisha. Toa kamba, toa soli ya ndani kama bado ni nzima, na uiweke pembeni.